Kofia Kwenye Pembe ya Shemeji

Pua ya Kufuli ilifia kiwandani. Ilikufa kidogo kidogo akiwa bado kijana, katika kiwanda cha ngozi alikokuwa akigeuza ngozi mbichi ndani ya mapipa ya chokaa, na siku alipoacha kazi ile alitoka na viungo vyake vyote isipokuwa uwezo wa kunusa. Ukimpa ua anuse, anasema maji. Ukimpa samaki aliyeoza, anasema maji. Mkewe aliwahi kuunguza maharage hadi majirani wakaja mbio na ndoo, na Kufuli mwenyewe yuko jikoni juu ya kigoda, anauliza chakula kitaiva lini.

Pua hiyo iwekeni akilini, maana ndiyo iliyomponza.

Baada ya kiwanda alipata kazi ya kutunza mbuzi katika kituo cha utafiti wa mifugo kilichokuwa nje kidogo ya mji, pale lami inapochoka na kuwa changarawe. Aliipenda kazi ile mno. Mbuzi hawakumuuliza amesoma mpaka wapi, na hawakuwa na chokaa. Alikuwa mtu mfupi mwenye mikono mikubwa isiyolingana naye, utadhani siku ya kugawiwa mikono alichelewa akakuta imebaki ya mtu mwingine. Kichwani alivaa kofia ya sufu ya kahawia aliyofumiwa na mkewe walipokuwa wachumba. Kofia hiyo haikuwahi kuonana na sabuni. Mkewe mwenyewe ndiye aliyesema, zamani hizo, kwamba sufu ile ikifuliwa itanywea imtoshe mtoto mchanga, na Kufuli akalishika neno hilo kama kiapo. Aliivaa juani, aliivaa mvuani, na kitandani aliivua kwa kuvuliwa.

Nyumbani alikuwa na beberu.

Wanaosema beberu yule alikuwa mkubwa kama punda wanatia chumvi. Alikuwa mkubwa kama punda mdogo. Alikuwa na ndevu za kuwatosha wanaume wawili na harufu ya kuutosha mtaa mzima. Inzi wakifika karibu na zizi lake walikata kona wakapitia nyuma ya nyumba. Nguo za jirani zikianikwa upande ule ziligeuka zenyewe kwenye kamba zikatazama kwingine. Kufuli alimpata akiwa mdogo, mama yake amekufa, akamlea kwa chupa, na tangu hapo hawakuachana. Mkewe alipoona jinsi wawili hao wanavyoongea, alisema huyu si mnyama tena, huyu ni ndugu wa mume wangu, kwa hiyo ni shemeji yangu. Jina likabaki hilo. Kila asubuhi alipita zizini na beseni lake la vyombo, anasema, "Umeamkaje, shemeji?" na Shemeji anapiga chafya.

Sasa, Kufuli akirudi kazini jioni hakuingia ndani moja kwa moja. Alikwenda kwanza kwenye pipa la maji lililokaa kando ya zizi ili anawe. Hapakuwa na msumari wa kutundikia kofia, na chini palikuwa tope tupu. Lakini Shemeji akimwona tu alipandisha miguu ya mbele juu ya uzio, akainamisha kichwa, na Kufuli akaitundika kofia kwenye pembe yake. Beberu alisimama imara kama mlingoti mpaka mwenyewe amalize kunawa uso, shingo na masikio, na kumsimulia habari zote za kazini. Akichoka kusubiri, Shemeji alikuwa akijikuna utosi kwa kofia ileile, anaisugua huku na huku nyuma ya pembe. Kisha Kufuli anaichukua, anaikung'uta mara moja kwa heshima, anaivaa, anaingia ndani.

"Baba watoto," mkewe alikuwa akimwambia mlangoni, ameshafungua madirisha yote, "iko siku nitakosea. Nitakupa wewe majani na Shemeji nimtandikie kitanda."

"Kwani nanuka?"

"Hunuki. Unavuma."

"Mbona mimi sisikii kitu?"

"Ungesikia ungekimbia ukauacha mwili hapa."

Basi wanacheka, wanakula, maisha yanaendelea. Na kule kazini hakuna aliyelalamika, kwa sababu kazini kila kitu kilinuka mbuzi: viti, funguo, hata chai.

Mkubwa wake wa kazi alikuwa Daktari, mwanamke kijana mrefu, mwenye miwani iliyoteleza kila alipoinama, naye aliinama mchana kutwa. Alikuwa akitafiti ovari za mbuzi. Hakupenda mtu afanye kazi asiyoijua maana, kwa hiyo siku ya kwanza alimkalisha Kufuli juu ya gunia la pumba, naye akakaa juu ya jingine.

"Mzee wangu, jike akishazaa na kunyonyesha, ovari zake zinalala. Ni kama duka lililofungwa. Hazitoi yai, hakuna mimba, na mfugaji anakaa bila mtoto wa mbuzi na bila maziwa. Mimi nataka kujua kitu gani kinaziamsha."

"Si dume?"

"Dume anaziamsha, hilo linajulikana. Majike wakikaa muda mrefu bila dume, halafu ghafla akaja karibu, homoni zinapanda na ovari zinaamka. Nataka kujua kama chakula kizuri peke yake kinaweza kufanya kazi hiyo. Ndiyo maana hawa wa banda la juu nimewatenga. Wasimwone dume, wasimsikie, wasinuse hata unywele wake."

"Hata unywele?"

"Hata mmoja."

Kufuli akajipiga kifuani kwa ule mkono mkubwa. "Daktari, ndani ya banda hilo hata jina la dume halitatajwa."

Akakabidhiwa ufunguo. Ulikuwa mmoja tu, na aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu. Kila asubuhi alipofika mlango wa banda la juu alivua koti na suruali ya nyumbani akavitundika nje, akavaa ovaroli ya kituo isiyotoka pale, akavua viatu na kuingia kwenye buti za mpira zisizotoka pale, akasugua mikono kwa sabuni hadi kwenye viwiko, kisha ndipo akafungua. Hakuna aliyesema lolote kuhusu kofia. Kofia ya Kufuli haikuhesabiwa kuwa nguo. Ilihesabiwa pamoja na masikio.

Jina lenyewe la Kufuli alilipata mlangoni pale. Meneja wa kituo, mtu mnene mwenye viatu vinavyong'aa, alikuja siku moja na wageni akitokea banda la chini, banda la madume. Mvua ilikuwa inanyesha. Akataka kufunguliwa.

"Karibu sana, bwana mkubwa," Kufuli akasema kupitia tundu la mlango. "Vua viatu."

"Nivue viatu kwenye matope haya? Unanijua mimi ni nani?"

"Wewe nakujua. Viatu vyako ndivyo sijui vimekanyaga wapi."

Meneja alibaki mvuani na wageni wake. Wengine husema alilowa hadi tai yake ikaota ukungu wa kijani, lakini ukweli ni kwamba ililowa tu. Daktari aliposikia alicheka, akasema, "Yule si mtu, ni kufuli." Tangu siku hiyo hata karani wa mishahara alilisahau jina lake la kuzaliwa. Kufuli alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba yake. Hakuwa na cheo, hakuwa na cheti wala shamba. Alikuwa na mlango, na mlango ule ulikuwa unaaminika kwa sababu yeye alikuwa anaaminika.

Wakaanza. Majike walipewa pumba, mashudu na majani ya kunde, wakanenepa wakang'aa. Kila mara fundi wa maabara alikuja kutoa damu kidogo kwenye mshipa wa shingo, Kufuli ameshika kichwa cha mbuzi na kumnong'oneza maneno matamu. Daktari alileta mashine ya picha, akapitisha kifaa chake, na kwenye kioo ovari zikaonekana kama vijiwe viwili vya kijivu vilivyotulia tuli.

"Wamelala fofofo," Daktari akasema.

"Tuwasubiri," Kufuli akajibu, kama mtu anayesubiri wageni waamke anywe nao chai.

Halafu mbuzi wakampenda.

Alianza yule wa sikio lililochanika. Kufuli alipoinama kumimina maji, akaja akanusa kofia, akatikisa mkia, akalia kilio kirefu kama cha mtu aliyeachwa na gari. Halafu akaja wa pili. Haikupita muda banda zima lilikuwa linatikisa mikia, wanalia, wanapandiana wao kwa wao, na Kufuli akiingia wanamsonga hadi anashikilia nguzo asianguke. Akienda kona hii wote kona hii. Akienda kona ile wote kona ile. Mlinzi wa lango alisikia kelele hizo kutoka barabarani.

"Kufuli! Wake zako wanakuita huko."

"Waache waite. Mtu akipendwa anapendwa."

"Wamekupendea nini, sura?"

"Roho, bwana. Wewe wanyama hawaoni ya kwako, ndiyo maana hata mbwa wa lango anakubwekea."

Nyumbani akamwambia mkewe kwamba mbuzi wote wa Daktari wanampenda, wanamnusa kichwani kama wanambariki. Mkewe akasonya. "Huko una bahati. Hapa, tangu Shemeji aanze kutamani mke na kunuka maradufu, sisi tunaomba mvua ije ikuoshe."

Majibu ya damu yalipotoka, Daktari alipiga kelele ya furaha peke yake maabarani. Projesteroni imepanda. Alikuwa ameshamweleza Kufuli zamani: yai likitoka kwenye ovari, pale lilipotoka panabaki kama kidonda kidogo, na kidonda hicho ndicho kinachomwaga homoni hiyo ndani ya damu. Ukiikuta, ujue duka limefunguliwa. Basi akadhani chakula kimefanya kazi. Alikuwa na siku moja tu ya furaha hiyo. Kesho yake akatulia, akayatazama majibu tena, na furaha ikamshuka kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Akamwita Kufuli ofisini. Ilikuwa ofisi ndogo yenye jokofu, meza mbili na kiti kimoja kizima. Meneja alikuwa amekalia kile kizima.

"Shikamoo, mzee," Daktari akasema, na kwa jinsi alivyosema Kufuli akajua leo ni leo.

"Marahaba, binti yangu."

"Majike wameamka."

"Si ndiyo tulikuwa tunataka?"

"Wameamka wote pamoja. Chakula kingewaamsha mmoja mmoja, kila mtu kwa wakati wake, kulingana na mwili wake. Hawa wameamka kama waliopigiwa kengele. Kitu kinachoamsha hivyo ni dume."

Meneja akajiegemeza. "Nani ana ufunguo?"

"Mimi," Kufuli akasema.

"Mwingine?"

"Hakuna mwingine."

"Basi tumemaliza kikao. Beberu wa banda la chini ameingizwa mle ndani, na aliyemwingiza ndiye aliyefungua."

"Sikufungua."

"Kwa hiyo beberu alipita kwenye tundu la kufuli?"

Kufuli alimtazama Daktari, siyo Meneja. "Mlango huo hajaupita dume hata kwa bahati mbaya. Niambie mimi mjinga, nitakubali. Niambie mvivu, tutabishana. Lakini usiniambie nilifungua."

Daktari alisukuma miwani juu. Alikuwa amepoteza kazi aliyoipangia kwa muda mrefu, na mbele yake amesimama mtu ambaye angemdhania mwisho. Akasema, "Kama dume aliingia, hakuingia kutazama. Atakuwa ameacha mimba. Tungoje zikue kidogo, tuwapime kwa mashine. Tukikuta hata jike mmoja ana mtoto tumboni, mzee, utaacha ufunguo na kazi. Tusipokuta, tutaongea upya. Mpaka hapo ufunguo akae nao yeye."

"Akae nao?" Meneja akauliza.

"Akae nao. Ukimnyang'anya leo umeshamhukumu."

Siku hiyo Kufuli alifika nyumbani, akatundika kofia, akanawa, na hakumsimulia Shemeji chochote. Beberu alishangaa hadi akasahau kujikuna. Mkewe alimwona kupitia dirishani, akatoka na mikono yenye unga.

"Nini?"

Akamweleza yote. Na mwanamke yule, ambaye hajawahi kuacha neno lipite bila kuligeuza mzaha, siku hiyo hakutania.

"Ulifungua?"

"Sikufungua."

"Basi hukufungua." Akarudi kuukanda unga wake.

Muda wa kungoja ulikuwa mbaya. Kazini watu walimsalimia kwa adabu nyingi mno, ile adabu wanayopewa wafiwa. Mlinzi hakumtania tena kuhusu wake zake. Kufuli aliendelea kuvua koti, kuvua viatu, kusugua mikono hadi viwikoni, siku hizo alisugua hadi vidole vikawa vyeupe, kisha anaingia ndani na kofia yake kichwani, na mbuzi wanamlaki. Hata wao alianza kuwaonea uchungu. Aliwauliza mmoja mmoja, "Nani aliingia humu? Semeni tu, sitagomba." Yule wa sikio lililochanika alimlamba kofia.

Siku ya kupima ilipofika, Meneja alikuja na viatu vya zamani na akavivua bila kuambiwa. Kufuli alimshika kila jike, Daktari akapaka jeli, akapitisha kifaa, wakatazama kioo. Tupu. Akaja wa pili, tupu. Kila tumbo lilikuwa tupu kama sufuria la asubuhi. Walipomaliza wa mwisho Kufuli aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akagundua kwamba alikuwa amesahau kupumua.

"Hakuna dume aliyewapanda," Daktari akasema. Badala ya kufurahi alizidi kukunja uso. "Sasa wameamshwa na nini?"

"Na dume aliyesimama nje ya ukuta," Meneja akasema. Hakuwa mtu wa kukata tamaa. "Harufu inapita kwenye matundu ya hewa. Na mimi nimeambiwa huyu bwana anafuga beberu kwake."

Daktari aligeuka. "Ni kweli, mzee?"

"Ni kweli. Lakini huyo hajawahi hata kuliona lango la hapa. Tangu alipokula pazia la jirani hatoki zizini."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, binti yangu. Ungeuliza ningekuambia hadi habari za ndevu zake."

"Twende tukamwone," Daktari akasema.

Wakapanda gari la kituo, Kufuli nyuma pamoja na magunia, wenyewe mbele. Mkewe alikuwa anachambua mchele uani. Alipoona gari na Meneja akishuka kwa shida, akajua ni ile habari, akajifunga nguo vizuri kiunoni.

"Karibuni, karibuni. Mtasamehe, leo upepo umegeukia huku."

Meneja alikuwa ameshatoa leso. Akaongea ndani ya leso: "Mama, huyu beberu wenu hutoka kwenda wapi?"

"Aende wapi? Nani atamkaribisha? Huyo akipiga hodi kwa mtu, mtu anahama."

"Mume wako hajawahi kumpeleka kazini?"

"Bwana, ampeleke kazini apite njia ipi? Angempitisha mjini tungesikia kwenye redio."

Wakati wakibishana hivyo, Kufuli aliona si adabu kukaa mbele ya wageni na mikono yenye jeli ya mbuzi. Akaenda pipani. Shemeji alikuwa ameshamwona zamani. Miguu ya mbele juu ya uzio, kichwa chini. Kufuli, akiwa na mawazo yake mengine kabisa, akavua kofia akaitundika kwenye pembe, akaanza kunawa. Beberu akatulia kama mlingoti. Kisha akachoka, akaanza kujikuna utosi.

Daktari, ambaye hakuwa akisikiliza mabishano, aliacha kupumua kama alivyofanya Kufuli asubuhi.

"Mzee," akasema taratibu. "Hiyo kofia."

"Naam?"

"Huwa unaiweka hapo?"

"Kila nikirudi. Ana adabu huyu, hajawahi kuidondosha."

"Na kazini, ukiingia banda la juu, unaivua?"

Kufuli akamshangaa. "Niivue ya nini? Ni ya kichwani."

Daktari akasogea hadi kwenye uzio, akaitoa kofia kwenye pembe kwa vidole viwili, akaisogeza puani. Wanaosema alizimia wanatia chumvi. Alikaa chini tu, palepale kwenye tope, machozi yanamtoka, miwani imeteleza hadi mdomoni.

"Nyuma ya pembe," akasema alipopata sauti. "Harufu inayowaamsha majike inatoka hapo hapo, kwenye nywele za nyuma ya pembe. Meneja, tumesugua mikono yake, tumemvua viatu, tumemvua suruali. Na kila asubuhi dume amepita mlangoni, juu ya kichwa chake."

 Halafu mke wa Kufuli akaangusha ungo wa mchele, akashikilia uzio, akacheka hadi Shemeji akashuka kwa woga.

"Nimesema! Nimesema hadi meno yamechoka! Kumbe miaka yote hii nilikuwa natoa taarifa ya utafiti!"

Kufuli hakucheka. Alisimama na maji yanamtiririka shingoni, kichwa wazi, upara mweupe kama yai kwa sababu jua halikuwahi kuuona. "Binti yangu," akasema, "kwa hiyo ni mimi."

"Ni wewe. Nadhani hivyo. Lakini kudhani hakutoshi, Meneja hapa amekuwa akidhani tangu mwanzo."

Meneja akakohoa ndani ya leso.

Daktari alitaka uhakika. Mwisho wa shamba palikuwa na majike wengine waliotengwa, aliowaweka kwa kazi ya baadaye, na hawa walikuwa wakilishwa na mama mmoja asiyefuga hata kuku. Akawagawa mafungu mawili yasiyosikiana. Akamwomba mke wa Kufuli afume kofia nyingine ya sufu ileile, ya rangi ileile. Mama huyo alifuma huku akiwatangazia majirani kwamba sasa yeye ni mtumishi wa sayansi, wasimwite ovyo. Kofia mpya ikatundikwa kwenye fungu moja, kofia ya Kufuli kwenye fungu la pili, zote juu ya fimbo, na hakuna mtu wala dume aliyeongezwa.

Kufuli alikwenda kazini kichwa wazi. Mlinzi wa lango alimsimamisha. "Wewe mgeni, unamtafuta nani?"

"Niache, bwana."

"Sauti naijua. Uso ndio umezidi urefu."

Banda la juu nalo lilinyamaza. Akiingia, mbuzi wanamtazama kidogo, wanarudi kwenye majani yao. Yule wa sikio lililochanika alimsogelea, akamnusa upara, akageuka akaondoka. Hilo, Kufuli alimwambia mkewe baadaye, lilimuuma kuliko maneno yote ya Meneja.

Wale wa kofia mpya waliendelea kulala. Wale wa kofia ya zamani waliamka wote kwa pamoja, wakaila kofia pindo lake la nyuma kwa mapenzi, na damu yao ikasema vilevile.

Daktari alimwita ofisini. Meneja alikuwepo, amesimama safari hii, na kiti kizima kilikuwa wazi. Kufuli hakukikalia.

"Utafiti wa chakula umeniharibikia," Daktari akasema. "Umeniharibia wewe, na nimejiharibia mimi, maana nilikukagua hadi nyayo nikasahau kutazama juu. Nitaanza upya na majike wengine."

"Naelewa."

"Kazi yako ipo. Sina ninayemwamini zaidi yako."

Kufuli akaviringisha kamba ya kiatu kidoleni. "Kabla ya hayo," akasema, "nataka bwana mkubwa anisaidie neno moja. Nilisema mlango haukufunguliwa."

Meneja alitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa tena. Kisha akainua uso, na tumpe haki yake, alilisema bila kulitafuna. "Mlango haukufunguliwa, mzee. Nilikosea."

"Ahsante."

Hapo ndipo Kufuli alipoitoa ile kamba shingoni na kuuweka ufunguo mezani mbele ya Daktari.

"Mpe yule mama asiyefuga kuku," akasema. "Mimi nina Shemeji nyumbani, na pua yangu ndiyo hiyo. Nikiahidi tena kwamba dume hatapita, nitakuwa naahidi kitu nisichoweza kukinusa. Mimi nipe banda la chini, la madume. Huko nikinuka nitakuwa nimevaa sare."

Daktari alitaka kubisha, akaona hakuna pa kushika. Akauchukua ufunguo. Kofia ya zamani akaifungia ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko kigumu, juu ya jokofu. Ipo hadi leo. Anayefungua chupa ile bila kuuliza hafungui mara ya pili.

Kofia ya pili, ile iliyokaa kwenye fimbo bila kupendwa na mtu, alirudishiwa mkewe, naye akamvika mumewe mwenyewe. Kisha akachukua nyundo, akaenda pipani, akagongomea msumari kwenye nguzo.

"Baba watoto, msumari ni huu. Nikiikuta hii kwenye pembe, nakwenda kwa mama yangu, na wewe utapikiwa na Shemeji."

"Nimesikia, mke wangu."

Jioni Kufuli alirudi kutoka banda la chini. Akaitundika kofia kwenye msumari vizuri, akaishika mara mbili kuhakikisha haianguki. Shemeji alikuwa ameshapanda uzio, kichwa ameinamisha, pembe imekaa tayari, anangoja. Kufuli akatazama dirisha la jikoni. Mkewe alikuwa amempa mgongo, anapuliza moto. Akatazama pembe.

Akavua shati.